Barua ya wazi kwa wanaotujengea mifumo: ziandikeni upya kurasa za makosa

Kwa wakuu wa vitengo vya TEHAMA, waandishi wa programu na wasimamizi wa seva katika taasisi za umma Tanzania.



Nina steshenari mkabala na stendi ya mabasi, Singida. Kompyuta nne, skana moja, printa mbili, na benchi la mbao nje ya mlango ambalo msimu wa maombi ya vyuo na mikopo ukifika hujaa tangu alfajiri. Kabla ya duka hili niliajiriwa miaka sita nikisimamia seva za taasisi moja, kwa hiyo nimekaa pande zote mbili za meza. Nimewahi kuwa yule anayeuweka mfumo hewani, na sasa ni yule anayekaa bega kwa bega na mwananchi mfumo unapogoma. Ninachowaombeni leo ni kitu ambacho katika miradi yote niliyoshiriki sikuwahi kukiona kikitengewa hata siku moja ya kazi: kurasa za makosa.

Mwaka jana, usiku wa mwisho wa kupokea maombi, binti mmoja alikuwa kwenye kompyuta namba mbili. Ilikuwa saa nne na robo. Alikuwa ametoka kijijini na basi la asubuhi, ameskani vyeti, amejaza kurasa saba, amelipa ada kwa simu na ujumbe wa malipo umeingia. Mfumo wenyewe sitautaja. Alibonyeza "Wasilisha". Kidude cha kusubiri kikazunguka kidogo, kisha ukurasa ukawa mweupe wote, na juu katikati maandishi meusi ya herufi nene: 502 Bad Gateway. Chini yake mstari, na chini ya mstari neno moja, nginx. Basi.

Akanigeukia. "Anti, 'bad' si ndiyo mbaya? Nimekosea wapi?"

Hakukosea popote. 502 maana yake seva iliyo mlangoni ilipeleka ombi kwa programu iliyo nyuma yake, na programu ikakatika kabla ya kutoa jibu linaloeleweka. Mimi nalijua hilo kwa sababu nimelisoma mara mia kwenye kazi yangu ya zamani. Yeye alikuwa na maswali matatu tu, na ndiyo maswali ya kila mtu anayekaa kwenye kiti kile: fomu yangu imefika? Hela yangu imekwenda wapi? Nianze upya au nisubiri? Ukurasa haukujibu hata moja. Kwa kuwa muda ulikuwa unakwisha, alirudi nyuma akajaza tena. Mfumo ukampa kontroo namba nyingine, akalipa mara ya pili kwa hela aliyoazima kwa simu kutoka kwa mjomba wake. Baadaye ikajulikana kuwa ombi la kwanza lilikuwa limefika tangu mwanzo, programu ilikufa baada ya kulihifadhi. Sasa yakawepo maombi mawili ya mtu mmoja, na yote yakasimamishwa. Zilimchukua wiki tatu za kupiga simu kulinyoosha jambo hilo.

Programu kufa usiku wa mwisho, wakati nchi nzima inabonyeza kitufe kimoja, ni jambo la kutarajiwa. Silalamikii hilo. Sentensi nne za Kiswahili kwenye ukurasa ule mweupe zingemwokolea binti yule ada ya pili na wiki tatu, na sentensi hizo zingeweza kuandikwa miezi sita kabla, mchana, na mtu asiye na haraka.

Niseme kwanza habari ya lugha, kwa sababu ndiyo inayoniuma zaidi. Mwaka 2021 Bunge lilirekebisha sheria ili Kiswahili kiwe lugha ya sheria na ya mahakama. Fomu zenu nyingi tayari ni za Kiswahili kizuri. Lakini pale mambo yanapoharibika, yaani pale ambapo mtu anahitaji kuelewa kuliko wakati mwingine wowote, mfumo unabadilisha lugha ghafla na kumwambia Bad, Forbidden, Denied, Invalid. Mzee mmoja mstaafu alikuja kuangalia taarifa zake za pensheni. Ilipotokea 403 Forbidden alitoa mikono kwenye kibodi, akaiweka mapajani, akaniuliza kwa sauti ya chini kama ameingia mahali pasipomruhusu na kama kuna mtu atamfuatilia. Muda wake wa kuingia ulikuwa umekwisha, basi. Ilibidi nimhakikishie mara mbili.

Maneno yale ya Kiingereza hayalazimishwi na mtu. Waliotunga itifaki ya HTTP toleo la 1.0, iliyochapishwa Mei 1996 kama RFC 1945, waliandika wazi kwamba kinachotakiwa na mashine ni namba, na kwamba maneno yanayoandamana na namba ni mapendekezo tu: kila mahali watu wanaweza kuweka ya kwao bila kuharibu chochote. RFC 9110 ya Juni 2022, ambayo ndiyo kiwango tunachokitumia sasa, inarudia ruhusa hiyo hiyo. Zaidi ya miaka 25 ruhusa ipo mezani, na hayo ni maneno ya kwenye mstari wa itifaki ambao mwananchi haoni. Ukurasa wenyewe, ule anaouona, haujawahi kuwekewa sharti la lugha na mtu yeyote.

Na msitegemee kivinjari kiwaambie lugha ya mtumiaji. Simu nyingi zinazoingia dukani kwangu zimewekwa Kiingereza kwa sababu ndivyo zilivyotoka kwenye boksi, na mwenye simu hajui pa kubadilisha. Wekeni Kiswahili kiwe cha kwanza, Kiingereza kifuate chini kwa anayekihitaji.

Sasa nije kwenye kosa linalonilia saa nyingi kuliko yote, ambalo najua wengi wenu hamjawahi kuliona kwa macho. Fomu inasema: pakia cheti, faili lisizidi MB 2. Mteja ana faili la MB 1.6. Anapakia, anasubiri huku bando likienda, anapokelewa na 413 Request Entity Too Large. Anasoma tena maelezo, anahesabu tena, anaona yuko ndani ya kiwango. Anapakia tena. Nami najua kilichotokea. Mwandishi wa programu aliweka MB 2 kwenye fomu, lakini nginx isipoguswa hukomea MB 1, ile inayoitwa client_max_body_size, na hakuna aliyekumbuka kuigusa. PHP nayo ina kikomo chake, upload_max_filesize, ambacho kisipobadilishwa ni MB 2. Faili linapita kwenye milango mitatu, na mlango mwembamba kuliko yote ndio unaoamua, wakati tangazo limebandikwa kwenye mlango mpana.

Kinachofuata dukani ni hiki: tunakibana cheti. Tunakiskani upya kwa ubora wa chini, tunakigeuza cheusi na cheupe, tunakibana tena mpaka kishuke chini ya MB 1. Muhuri wa shule unakuwa doa, namba ya cheti haisomeki vizuri, lakini kinapita. Wiki mbili baadaye mtu yule yule anarudi na ujumbe kwamba ombi lake limerudishwa kwa sababu kiambatisho hakisomeki. Tunaanza upya. Yote hayo yanatokana na mstari mmoja kwenye faili la mipangilio.

Kuandaa ukurasa mzuri wa 413 peke yake hakutoshi, nanyi mnaotumia nginx nadhani mmeliona onyo kwenye maelezo yake: vivinjari havilionyeshi kosa hili vizuri, kwa sababu seva hukata mawasiliano wakati kivinjari bado kinatuma. Mara nyingi mteja wangu haoni hata hiyo 413, anaona tu kwamba mawasiliano yamekatika, na anadhani mtandao wa duka ndio mbovu. Kwa hiyo pimeni ukubwa wa faili kwenye kivinjari kabla halijaondoka, mumwambie mtu hapo hapo: faili lako ni MB 2.4, kikomo ni MB 2, lipunguze au liskani kwa ubora wa wastani. Vikomo vitatu vilinganisheni, cha seva kizidi kidogo kile cha fomu. Halafu ukurasa wa 413 uwepo kwa wale wachache watakaopenya.

Ndugu yake ni 419. Wanaotumia Laravel wanaijua: "419 Page Expired". Namba hii haimo kabisa kwenye kiwango cha HTTP, ni ya Laravel yenyewe, na hutokea pale alama ya usalama ya fomu inapopitwa na muda. Kwangu hutokea hivi. Mtu amejaza nusu ya fomu, anakumbuka namba ya NIDA ameiacha nyumbani, anampigia mke wake, mke anatafuta kitambulisho, anasoma tarakimu 20 moja moja kwenye simu. Au umeme unakatika, tunasubiri, unarudi. Anabonyeza "Endelea", ukurasa unamwambia Page Expired, na kazi yake yote imeyeyuka. Kwa mtu wa kawaida "expired" ni neno la kwenye maziwa na dawa. Nimeulizwa kama nafasi ya maombi ndiyo iliyokwisha. Ukurasa huo ni wa kuandikwa kwa uangalifu mkubwa: muda wa kukaa kwenye fomu bila kubonyeza umekwisha, tunafanya hivi ili mwingine asitumie akaunti yako, dirisha la maombi bado liko wazi, ulichokwisha kuhifadhi kipo, ingia tena uendelee hapa. Na ikiwa hamhifadhi kitu mpaka mwisho wa kurasa saba, badilisheni hilo kwanza, maana hapo maneno matamu hayatamsaidia.

Nisije nikaonekana naandika kama asiyewahi kukosea. Mwaka 2017, nikiwa msimamizi wa seva, bosi wangu aliniomba niondoe "ule ukurasa mbaya" watu wanaouona mfumo ukizimika. Nikatengeneza ukurasa mzuri wenye nembo na maneno "Samahani, tunashughulikia tatizo hili". Kwenye Apache nikaandika ErrorDocument 500 ikifuatiwa na anwani nzima ya ukurasa, ikianza na https. Sikujua kwamba ukiandika anwani nzima namna ile Apache haitoi tena kosa: inamhamishia mtu kwenye anwani nyingine, na ukurasa ule wa pili unafunguka kwa namba 200, yaani mambo ni shwari. Chombo chetu cha kuangalia uhai wa mfumo kilifuata njia ile ile, kikakuta 200, kikatulia. Kanzidata ilikufa Jumamosi asubuhi. Hakuna kengele iliyolia. Wananchi walisoma samahani yangu Jumamosi nzima na Jumapili nzima, na Jumatatu saa mbili asubuhi nikajulishwa na mlinzi wa getini, ambaye ndugu yake alikuwa amejaribu kutuma fomu tangu juzi. Ripoti ya mwezi ilionyesha mfumo haukuzimika hata dakika moja. Ripoti ile niliisaini mimi, na bado inanisumbua.

Kwa hiyo nawaomba muikumbuke mashine pia. Ukurasa useme na mtu kwa upole, lakini namba ya hali ibaki ya kweli. Kwenye Apache andikeni njia fupi ya ndani, kama /makosa/500.html, na namba itabaki 500. Kwenye nginx, error_page 500 502 503 504 /makosa/50x.html inatosha, msiweke =200 katikati, kwa sababu alama ile kazi yake ni kuibadili namba. Ukurasa usiokuwepo urudishe 404, usimtupe mtu kwenye ukurasa wa mwanzo kimya kimya. Akitupwa pale hudhani amefika, na hutafuta fomu asiyoiona mpaka achoke. Mitambo ya utafutaji nayo huweza kuendelea kuzihesabu kurasa zilizokufa kama hai.

Kuna kosa la kinyume chake, na hili ni la hatari. Mteja mmoja alikuja na simu yake akaniambia, "Anti, nimeletewa maandishi haya, nisomee." Ilikuwa picha ya skrini aliyokwisha kuituma kwenye kundi la WhatsApp la wenzake waliokuwa wanaomba kazi ile ile, akiuliza kama nao wanaiona. Ilikuwa ndefu. Majina ya mafaili, mistari ya msimbo, na kwenye jedwali upande wa chini, DB_HOST, DB_USERNAME, DB_PASSWORD, na mbele ya kila moja thamani yake, neno la siri likiwa limeandikwa lote. Watu zaidi ya mia wa kundi lile walikuwa na ufunguo wa kanzidata ya waombaji kazi na hawakujua. Nilimwomba aifute, nikatumia jioni nzima kutafuta mtu wa kupigia simu kwenye taasisi husika. Ukurasa wenyewe haukuwa na namba ya mtu yeyote.

Mnajua chanzo: APP_DEBUG iliachwa true. Kwenye Django ni DEBUG = True, kwenye PHP ni display_errors. Hizi ni taa za fundi akiwa chini ya gari, hazikuwekwa ziwake gari likiwa barabarani. Januari 2021 ulitangazwa udhaifu uliopewa namba CVE-2021-3129, kwenye Ignition, kifurushi kinachochora ukurasa wa makosa wa Laravel: mfumo uliokuwa na toleo la zamani na hali ya ufundi ikiwa imewashwa, mtu wa nje aliweza kuendesha amri zake kwenye seva bila hata kuingia kwa neno la siri. Yaani ukurasa wa kosa wenyewe uligeuka mlango. Leo tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, na majina, namba za simu na tarehe za kuzaliwa za waombaji ni taarifa ambazo taasisi inawajibika kuzilinda. Maelezo ya fundi yaende kwenye logi. Mwananchi apewe namba ya kumbukumbu.

Namba hiyo ndiyo daraja, na wengi hawaiweki kwa kudhani ni kazi kubwa. nginx yenyewe hutengeneza $request_id kwa kila ombi. Iandikeni kwenye logi, ipitisheni kwa programu nayo iiandike kwenye logi yake, na kwenye ukurasa wa kosa ionyesheni. Hata ukurasa mkavu wa HTML unaweza kuionyesha mkiwasha ssi. Ni ndefu, herufi 32, kwa hiyo kateni 8 za mwanzo, mtu aweze kuiandika nyuma ya risiti na kuisoma kwenye simu. Ina tarakimu na herufi a mpaka f tu, hivyo hakuna ubishi wa sifuri au O. Dawati la msaada likipewa herufi hizo nane linaona papo hapo kilichotokea, badala ya kumuuliza mtu "ulikuwa unafanya nini?", swali ambalo wateja wangu hulisikia kama tuhuma.

Pembeni yake wekeni muda, na hapa naomba uangalifu. Logi za seva nyingi ziko kwenye UTC, saa tatu nyuma ya saa zetu. Binti akisema ilikuwa saa nne na robo usiku, logi inasema 19:15, na mtu wa dawati la msaada akiangalia 04:15 hataona kitu, atamwambia hakuna tatizo lililotokea. Nimeshuhudia mazungumzo ya namna hiyo yakifika kwenye kutoaminiana. Halikadhalika matangazo ya matengenezo: "mfumo utarudi 02:00" watu wanalisoma kuwa saa mbili, wengine ya asubuhi, wengine ya usiku. Andikeni saa 8:00 usiku wa kuamkia Jumapili. Hakuna atakayepotea. Na wakati wa matengenezo seva irudishe 503 pamoja na kichwa cha Retry-After, ili mashine nazo zijue zirudi lini.

Ukurasa wa kosa usitegemee kitu kilichovunjika. Nimeona ukurasa wa 500 unaochora menyu ya juu kwa kuuliza kanzidata, na kanzidata ndiyo iliyokufa, kwa hiyo kosa likazaa kosa na mtu akabaki na ukurasa mtupu kabisa. Ni mlinzi aliyefungia ufunguo wa akiba ndani ya nyumba. Waliotunga Django waliliona hilo, ndiyo maana ukurasa wake wa 500 huchorwa bila kupewa data yoyote ya mfumo. Rails nayo huweka 500.html kavu kwenye folda ya public. Fuateni njia hiyo. Faili moja la HTML, mitindo ndani yake humo, nembo ndogo au hakuna, bila fonti za kuvutwa kutoka mbali. Niliwahi kupima ukurasa mmoja wa kosa uliokuwa na picha kubwa ya kuchekesha, ukavuta zaidi ya MB 2. Mtu amekosa huduma, na amelipia bando ili aambiwe amekosa.

Faili hilo liwe kwenye seva ya mlangoni, si ndani ya programu. Programu inapokuwa hai lakini inatoa kosa lake lenyewe, proxy_intercept_errors on ndiyo inayoiruhusu nginx kuweka ukurasa wenu badala yake. Angalieni tu njia za API zisimezwe humo: programu ya simu inayosubiri JSON ikiletewa HTML ya pole itazimika bila neno. Kwa njia hizo upo mpangilio wa RFC 9457 wa mwaka 2023, utumieni.

Kuhusu 404 sina mengi. Mkijenga tovuti upya, zile fomu za PDF ambazo anwani zake zimechapwa kwenye matangazo yaliyobandikwa ofisi za kata bado watu wanazitafuta. Zihamishieni kwa 301. Zilizofutwa kweli zipeni 410, na mseme fomu mpya iko wapi.

Yapo yasiyo ya waandishi wa programu, ni ya wakuu wao. Ukurasa wa 503 wa usiku wa mwisho hauwezi kusema kama muda utaongezwa, mpaka kiongozi awe ameamua mapema kwamba mfumo ukizimika saa za mwisho, muda unaongezwa kwa kiasi gani na tangazo litatoka wapi. Vivyo hivyo swali la hela: mhasibu na mtu wa TEHAMA wakae pamoja waandike sentensi moja ya kweli kuhusu malipo yaliyofanyika kabla ya kosa. Na mnapoandika hadidu za rejea za mzabuni, wekeni kurasa za makosa humo, kwa namba zake: 403, 404, 413, 419, 429, 500, 502, 503, 504. Kisichoandikwa humo hakitajengwa, nimekuwa upande huo pia.

Niliandika kwenye daftari langu maneno ambayo ningetamani binti yule angeyakuta usiku ule. Yachukueni, yarekebisheni, hayana mwenyewe:

"Mfumo umekatika wakati ukituma ombi lako. Tatizo liko kwetu, wewe hujakosea. Hatuna uhakika bado kama ombi limefika, kwa hiyo tafadhali usijaze upya na usilipe tena. Kama ulishalipa, malipo yako yamebaki kwenye namba ya malipo uliyopewa. Subiri dakika 15, ingia kwenye akaunti yako, fungua 'Maombi yangu'. Ukikuta 'Limepokelewa', umemaliza. Usipolikuta, tupigie ukitaja kumbukumbu hii: 7c41e09b, saa 4:15 usiku."

Sentensi ya tatu ndiyo iliyonichukua muda. Kuandika "hatuna uhakika" ni kugumu kwa taasisi, najua, lakini seva ya mlangoni kweli haijui, na binti angeamini neno hilo kuliko samahani yoyote.

Kabla dirisha la maombi la mwaka huu halijafunguliwa, nawaomba mfanye jambo moja kwenye seva yenu ya majaribio. Zimeni programu ya nyuma kwa makusudi, muiache nginx peke yake. Chukueni simu ya bei ya chini yenye bando la kawaida, mpeni mtu wa mapokezi au dereva wa ofisi, aseme kwa sauti anachokisoma na anachodhani anatakiwa kufanya. Msimsaidie. Halafu pakieni faili la MB 1.6. Halafu acheni fomu wazi mpaka mrudi kutoka chakula cha mchana, mbonyeze "Endelea". Anayependelea kuyaona haya yakitokea kwa watu wenyewe, aje akae nami kwenye benchi la nje siku tatu za mwisho za msimu. Nitamwekea kiti na kumpa chai.

Wenu katika kazi,
Mwenye steshenari mkabala na stendi, Singida